Kanisa moja, katiba moja: kwa nini dayosisi hii mwanamke ni kasisi, ile ya jirani haruhusiwi?

#1 Kinubi

Wakuu, Bwana asifiwe.

Mimi ni Mwanglikana wa kuzaliwa. Nimebatizwa na kupata kipaimara katika dayosisi isiyowaweka wanawake kuwa makasisi. Ukivuka mpaka tu, kwa jirani zetu, unamkuta mama amevaa stola anaadhimisha Meza ya Bwana na watu wanapanga foleni kupokea. Askofu mkuu ni yule yule na katiba ya jimbo, yaani Kanisa la Anglikana la nchi nzima, ni ile ile. Dada yangu amesoma theolojia, amewekwa shemasi, kisha akaambiwa kwa upole kwamba kwetu ngazi inaishia hapo.

Oktoba 2025 likatoka tangazo kwamba Sarah Mullally ndiye Askofu Mkuu wa Canterbury, kiongozi wa heshima wa Waanglikana duniani, mwanamke wa kwanza kukalia kiti cha Agostino. Kwa hesabu yangu, akitutembelea leo hawezi kusimama kwenye altare ya parokia yetu.

Naomba wenye kujua mnieleze tofauti hii imetoka wapi. Ile ya "ninyi hamsomi Biblia" tuiache, haijawahi kunisaidia. Nataka sababu.

#2 Chetezo

Tumsifu Yesu Kristo.

Sababu ni waliotuletea dini, ndugu Kinubi. Tanzania ilipokea Uanglikana kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni UMCA, misheni ya vyuo vikuu iliyoanzishwa baada ya hotuba ya Livingstone pale Cambridge mwaka 1857. Hao ndio waliojenga kanisa kuu la Mkunazini, Zanzibar, mahali palipokuwa na soko la watumwa, chini ya Askofu Steere. Walituletea Misa, maungamo, ubani na masista. Mlango wa pili ni CMS, misheni ya wainjilisti wa Kanisa la Uingereza, ambao kazi yao pwani hii ilianza na Krapf kufika Mombasa mwaka 1844. Wao walikaza mahubiri, uongofu na kusoma Neno.

Kwetu wa mlango wa kwanza, padre anaposimama altareni anasimama mahali pa Kristo, na daraja lake si mali ya Tanzania wala ya Uingereza. Tumelipokea pamoja na Roma na Waorthodoksi. Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika mwaka 1994 kwamba Kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake upadre. Angalia neno "mamlaka" hapo. Hakusema hawafai. Nami nasema hivyo hivyo: jimbo moja la Anglikana linapata wapi uwezo ambao Kanisa zima linasema halina?

#3 Tukutendereza

Ulipoanza na "Tumsifu" nikajua ubani unakuja, haha. Karibu mzee wangu.

Nakubali milango miwili. Dodoma, dayosisi ya Central Tanganyika, ni watoto wa CMS na wanawake makasisi wapo. Zanzibar na Masasi ni watoto wa UMCA na hawapo. Ramani ndiyo hiyo.

#4 Mtafiti Huru

Ramani hiyo ni nzuri mpaka utoke nje ya Tanzania. Jaribuni kuitumia kwingine muone inavyochanika.

Kusini mwa Afrika ni Wakatoliki wa Kianglikana kweli kweli, ubani na kila kitu. Mwaka 1992 sinodi yao ikaruhusu wanawake kuwa makasisi, na mwaka 2012 Ellinah Wamukoya akawa askofu wa Swaziland. Nigeria nayo ni kazi ya CMS, nchi ya Samuel Ajayi Crowther, askofu Mwafrika wa kwanza wa Anglikana, lakini mpaka leo haiweki wanawake kuwa makasisi. Nenda Sydney, Australia: ni wainjilisti wasiotaka hata kusikia neno "altare", na mwanamke hapandi zaidi ya ushemasi.

Chetezo, kama ubani ndio unaozuia, mbona Cape Town haukuzuia? Na kama mahubiri ya CMS ndiyo yanayofungua, mbona Lagos hayajafungua?

#5 Jongoo Mweusi

Mnazunguka mno. Jambo hili limeanzia Marekani miaka ya sabini, wale wanawake 11 waliowekwa kuwa makasisi Philadelphia. Ni harakati za haki za wanawake zikaingia kanisani. Wengine walifuata misaada, wengine walikataa. Basi.

#6 Karani wa Sinodi

Jongoo, weka sawa tarehe. Philadelphia ni Julai 1974. Kasisi wa kwanza mwanamke katika Anglikana aliwekewa mikono Januari 25, 1944, miaka 30 nyuma, nchini China. Anaitwa Florence Li Tim-Oi. Hakukuwa na harakati yoyote pale.

Habari yake inafaa ijulikane vizuri. Vita vilikuwa vimepamba moto na Wajapani wameshika Hong Kong. Macau ilikuwa koloni la Ureno, haikuwa upande wowote, kwa hiyo wakimbizi walijazana huko. Li Tim-Oi alikuwa shemasi anayelilea kanisa la pale, na kasisi hakuweza kufika. Askofu Ronald Hall kwanza alimpa ruhusa ya kuadhimisha Meza ya Bwana akiwa shemasi vile vile. Baadaye akaona hilo ndilo lenye kuvunja utaratibu zaidi, mtu asiye kasisi kufanya kazi ya kasisi. Akamwita, wakakutana katika eneo la China lisiloshikwa na Wajapani, akamweka kuwa kasisi.

Chetezo, ona jambo hili. Hall alifika hapo kwa sababu aliuheshimu ukasisi, hakuwa akiudharau. Hoja yake ilikuwa ya kikanisa hasa: waumini wanahitaji Ekaristi, Ekaristi inahitaji kasisi, na aliyepo ni huyu.

#7 Mama Kwaya

Nimesoma #6 mara mbili. Ilikuwaje baada ya vita?

#8 Karani wa Sinodi

Dada yangu, alibanwa. Maaskofu wenzake Hall walipinga, na mwaka 1946 Li Tim-Oi akaamua kurudisha leseni yake ya kuhudumu ili askofu wake asiondolewe. Leseni tu. Daraja hakulikana. Akaendelea na kazi ya kanisa bila kuadhimisha, kisha akapitia miaka migumu ya China ya kikomunisti. Hong Kong iliwaweka wengine wawili mwaka 1971, Jane Hwang na Joyce Bennett, na yeye mwenyewe akaja kuhudumu tena akiwa kasisi huko Kanada uzeeni.

Na hiyo 1971 tusiiruke, maana inatuhusu sisi. Baraza la Ushauri la Anglikana lilikaa kwa mara ya kwanza kabisa hapa kwetu Afrika Mashariki, Limuru, Kenya. Askofu wa Hong Kong alikuwa ameomba ushauri. Kura zikawa 24 kwa 22: askofu akiwaweka wanawake kwa kibali cha jimbo lake, baraza litamkubali. Mlango wote huu wa dunia ulifunguliwa kwa tofauti ya kura mbili, Limuru.

#9 Nyota ya Asubuhi

Kumbe Limuru! Nimepita pale mara nyingi na sikuwahi kuambiwa.

#10 Bin Shemasi

Ndugu, historia ni tamu lakini Maandiko yako wapi? 1 Timotheo 2:12, Paulo hamruhusu mwanamke kufundisha wala kumtawala mwanamume. 1 Wakorintho 14:34, wanyamaze katika kanisa. Na Bwana alichagua mitume kumi na wawili, wote wanaume, ingawa aliwaheshimu wanawake kuliko mwalimu yeyote wa wakati wake. Kama angetaka kumweka mwanamke angemweka. Hakuwa mtu wa kuogopa desturi.

Mimi si mtu wa ubani. Nakataa kwa sababu ya Neno peke yake.

#11 Mama Kwaya

Bin Shemasi, Paulo huyo huyo katika 1 Wakorintho 11:5 anaagiza mwanamke anayesali au kutoa unabii afanye hivyo amefunika kichwa. Sura tatu kabla ya kumnyamazisha! Anawezaje kutoa unabii akiwa kimya? Na wa kwanza kutumwa na habari ya ufufuo ni Mariamu Magdalene, Yohana 20. Debora alikuwa mwamuzi wa Israeli yote. Priskila na mumewe walimchukua Apolo wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi, Matendo 18.

Mimi nafundisha kwaya yenye wanaume kuliko wanawake. Kila Jumapili nawafundisha zaburi, na kasisi ananishukuru. Wakati huo 1 Timotheo 2:12 inakuwa wapi?

#12 Bin Shemasi

Kufundisha kwaya na kulitawala kanisa ni vitu viwili, mama. Priskila hakuwa mchungaji wa Efeso.

#13 Mtafiti Huru

Simameni hapo kidogo, kwa maana #2 na #10 wamefika "hapana" moja kwa njia zinazogongana, nadhani hawajatambua.

Kwa Chetezo shida iko altareni. Mwanamke akihubiri, akifundisha katekisimu, hata akiongoza parokia siku za wiki, hana neno. Asiadhimishe tu. Kwa Bin Shemasi shida iko mimbarani na kwenye kiti cha uongozi. Ukitaka kuona tofauti hiyo wazi nendeni tena Sydney: wale wanaomkatalia mwanamke ukasisi ndio hao hao ambao sinodi yao imekuwa ikitetea kwamba shemasi, hata mlei, anaweza kuongoza Meza ya Bwana. Chetezo akisikia hivyo atazimia.

Kinubi, muulize askofu wenu anakataa kwa sababu ipi kati ya hizo mbili. Jibu litakueleza kama dada yako anaweza kupewa mimbari bila altare, au hata hiyo hapewi.

#14 Chetezo

Sizimii, ila kiti nimekitafuta. Mlei kuadhimisha? Bora mara mia yule Askofu Hall.

Na umesema kweli kuhusu mimi. Kwetu masista wa CMM, Chama cha Mariamu Mtakatifu, wamefundisha vizazi, wamesimamia zahanati, wamewapelekea wagonjwa Komunyo nyumbani. Mimi katekisimu nilifundishwa na sista, na kama leo nasali kabla ya kulala ni kazi yake. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba alikuwa mdogo kuliko padre. Ndiyo maana huumia nikiambiwa ninakataa kwa sababu nadharau wanawake.

#15 Mchungaji wa Kando ya Ziwa

Shalom. Mimi ni kasisi, mwanamke, nimesoma kimya tangu #1. Naomba niseme kidogo kutoka ndani.

Nilipopangiwa parokia yangu ya kwanza wazee wawili wa kanisa walitoka kwenye foleni ya Ushirika nilipokuwa nashika paten, ile sahani ya mkate. Kwenye misiba nilikuwa nikifika, nimevaa kola, familia inaniuliza "kasisi yuko njiani?" Sikubishana. Nilikuwa naanza ibada. Mmoja wa wale wazee alilazwa, mkewe akanipigia usiku, nikaenda na mafuta na Sakramenti, akapokea. Mwingine hakupokea kwangu mpaka alipohamia kwa mwanawe mjini, na bado tunasalimiana vizuri.

Kilichonichosha mimi hasa hakikuwa Timotheo. Ni uhamisho. Askofu akimhamisha kasisi mwanamume, mke na watoto wanapakia vyombo na kufuata. Akinihamisha mimi, mume wangu ana ajira yake serikalini. Tumeishi mbali kwa miaka. Kamati ya parokia inajenga nyumba ya kasisi ikitegemea mke wa kasisi atakuwepo kupokea wageni na kukaa na akina mama, kazi mbili kwa posho ya mtu mmoja. Nikija mimi wanauliza nani atapika kwenye mkutano. Wanawake wengi walioitwa wanaishia njiani kwa ajili ya mambo haya, hata katika dayosisi ambazo zimeruhusu tangu zamani.

Kwa hiyo mnapochora ramani ya walioruhusu, tafadhali chukueni kalamu nyingine mchore wanaowapangia parokia kweli. Zitakuwa ramani mbili.

#16 Nyota ya Asubuhi

Asante Mchungaji. Sikuwahi kuliwaza hilo la uhamisho.

#17 Mama Kwaya

Na Mothers' Union je? Kwetu mke wa askofu ndiye anayewaongoza akina mama wa dayosisi. Askofu akiwa mwanamke, mumewe anapewa kazi gani?

#18 Jongoo Mweusi

Awaongoze akina baba. Wamekosa wa kuwaamsha Jumamosi ya usafi.

#19 Tukutendereza

Naunga mkono #18 kwa dhati.

Lakini nirudi kwenye mada. Hamjataja Uamsho wa Afrika Mashariki na mimi naona ndio ufunguo. Ulipoanza Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na magharibi mwa Tanzania, wanawake walisimama kwenye ushirika wakatoa ushuhuda mbele ya waume zao, mbele ya makasisi. Waliungama hadharani, na waliwaambia viongozi "ndugu, tembea nuruni" bila kuogopa kola. Ukishamzoea dada anayekukemea kwa upendo mbele ya watu hamsini, huna tena la kushangaa akisimama mimbarani. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alikuwa mtoto wa Uamsho huo. Mwaka 1983 akawaweka wanawake watatu kuwa makasisi.

#20 Mtafiti Huru

Hoja nzuri, ila mwaka huo huo wa 1983, ng'ambo ya mpaka, Askofu Henry Okullu wa Maseno South alimweka Lucia Okuthe, wa kwanza Kenya. Okullu hatumjui kwa Uamsho. Tunamjua kwa mimbari iliyoikaripia serikali ya chama kimoja. Yeye alikuwa mtu wa haki na siasa, Kivengere mtu wa toba na msalaba, na wote wawili wakafanya jambo moja mwaka mmoja. Na ukiwauliza ndugu wa Uamsho wenyewe leo, wengi ndio walio wagumu zaidi kuhusu 1 Timotheo.

#21 Bin Shemasi

Kweli kabisa. Bibi yangu alikuwa mwana Uamsho tangu ujana, alishuhudia kila wiki hadi uzee, na hakutaka kasisi mwanamke. Alisema ushuhuda ni wa kila aliyeokoka, daraja ni la walioteuliwa.

#22 Daraja Mbili

Tuseme ukweli tu, ni askofu. Hall, Kivengere, Okullu, wote ni mtu mmoja aliyeamua. Na kule kusikoruhusiwa vile vile ni mtu mmoja aliyeamua. Akistaafu, akaja mwenye mawazo mengine, dayosisi inageuka. Hata Dodoma, pasipo Askofu Mdimi Mhogolo mngewaona makasisi wanawake? Haya mambo ya UMCA na Uamsho ni mapambo ya kuelezea kitu kilichokwisha kuamuliwa.

#23 Karani wa Sinodi

Daraja Mbili, askofu ana nguvu lakini hesabu za sinodi zinasema jingine. Uingereza, Novemba 1992, hoja ya wanawake kuwa makasisi: maaskofu walipitisha, makasisi walipitisha, walei wakapitisha kwa kura mbili tu juu ya theluthi mbili iliyohitajika. Wa kwanza, 32 kwa pamoja, wakawekewa mikono Bristol mwaka 1994. Ilipofika zamu ya uaskofu, mwaka 2012, maaskofu na makasisi wakapitisha kwa wingi na walei wakaangusha kwa kura sita. Kati ya waliosema hapana walikuwemo wanawake. Ikarudi 2014 ikapita, na Libby Lane akawekwa wakfu Januari 2015.

Kwa hiyo wanaochelewesha si lazima wawe wenye kofia. Mara nyingi ni watu wa viti vya mbele, wanaotoa sadaka na kujenga kanisa, ambao askofu hataki kuwapoteza. Nimekaa kwenye sinodi, nawajua. Ni watu waaminifu na wanaogopa kweli kwamba kanisa lao litapasuka.

#24 Jongoo Mweusi

Lakini mtakataa vipi kwamba siasa za Magharibi zimo? Marekani walianza na wanawake, wakaishia kwa Gene Robinson 2003, askofu anayeishi waziwazi na mwanamume mwenzake. Watu wetu wameona mlango mmoja ukifungua mwingine. Ndiyo maana Gafcon, umoja wa Waanglikana wahafidhina, walipinga uteuzi wa Canterbury mara tu ulipotangazwa.

#25 Nyota ya Asubuhi

Jongoo, Kenya ni Gafcon. Mkutano wao wa pili, 2013, ulifanyika Nairobi. Na Kenya hiyo hiyo mwaka 2021 ikawaweka wakfu Emily Onyango, askofu msaidizi wa Bondo, na Rose Okeno, askofu wa Butere, wa kwanza mwanamke Afrika nzima kuongoza dayosisi. Huo mlango wa pili hawajaufungua.

#26 Mtafiti Huru

Butere sawa, "wa kwanza Afrika nzima" hapana. Wamukoya aliongoza dayosisi ya Swaziland kuanzia 2012 hadi alipofariki Januari 2021, na Margaret Vertue akaongoza False Bay kuanzia 2013. Sudan Kusini nayo ilimweka wakfu Elizabeth Awut Ngor kuwa askofu msaidizi wa Rumbek siku ya mwisho ya 2016. Okeno ni wa kwanza kuongoza dayosisi nchini Kenya, na hilo peke yake ni kubwa.

Ila hoja yako inasimama. Gafcon walipinga uteuzi wa Mullally kwa mambo mawili, uanamke wake na msimamo wake kuhusu kubariki wapenzi wa jinsia moja. Kwa Kenya mambo hayo mawili hayajafungwa kamba moja. Kwa Nigeria yamefungwa. Jumuiya moja, kamba mbili.

#27 Mzee wa Kengele

Vijana, mmesahau mila. Mwafrika hakubali mwanamke amwekee mkono kichwani. Hiyo ndiyo sababu ya kweli, mengine ni vitabu.

#28 Mama Kwaya

Mzee wangu, shikamoo. Mila ipi lakini? Mekatilili wa Menza aliwaapisha Wagiriama mwaka 1913, wanaume kwa wanawake, wakamfuata dhidi ya Waingereza. Pwani na bara tumekuwa na akina mama waganga, wenye kutambika, wenye kuombea mvua, na wanaume wakaenda kwao kupiga magoti. Aliyewaambia wanawake wa Kiafrika kwamba hawagusi vitu vitakatifu ni mmisionari, hakuwa babu yetu.

#29 Mzee wa Kengele

Marahaba mwanangu. Mekatilili nimemsikia. Lakini huyo unayesema alitambika alitambika akiwa amezeeka, amekwisha kuzaa. Kasisi wenu ni binti wa miaka thelathini mwenye mtoto mgongoni. Watu wanaona tofauti.

#30 Mchungaji wa Kando ya Ziwa

Hapo mzee amegusa kitu. Mimi mwenyewe niliadhimisha nikiwa mjamzito, na waliokuwa wamenizoea kabisa ndio walioanza kunong'ona. Mwanamume waliyemzoea hajawahi kuulizwa habari za mwili wake. Hoja nyingi tunazozipamba kwa Kigiriki na historia zimekalia hapo, na hakuna sinodi itakayolisema kwa sauti.

#31 Chetezo

Si zote, Mchungaji. Ninakuomba uniamini kwamba yangu haikukalia hapo. Mama wa Mungu alimbeba Bwana tumboni, ni mwili gani mtakatifu kuliko huo? Hata hivyo hakuwekwa miongoni mwa wale kumi na wawili.

#32 Mchungaji wa Kando ya Ziwa

Nakuamini, mzee wangu. Wewe umekaa na masista. Nazungumzia niliowaona.

#33 Kinubi

Asanteni wakuu wote. Nimepata sababu nyingi kuliko nilivyotarajia, wamisionari, Uamsho, askofu, walei, Neno, mila, na kila moja ina mtu aliyeipinga kwa ushahidi.

Swali la pili, ndilo linalonikosesha usingizi. Dada akiamua kuhamia kwa jirani, akawekwa kasisi huko, kisha miaka ya baadaye akarudi nyumbani kuwatunza wazazi, anakuwa nani kwetu? Kasisi, shemasi, au mlei mwenye kola?

#34 Karani wa Sinodi

Kwa utaratibu, daraja na leseni ni vitu viwili. Daraja akishapewa kwa mikono ya askofu halali ni lake maisha yote. Leseni ya kuhudumu inatolewa na askofu wa mahali, na anaweza kuinyima bila kulifuta daraja. Ndivyo ilivyokuwa kwa Li Tim-Oi tangu 1946. Kwa hiyo kwenu atakuwa kasisi asiye na leseni, na kama askofu atakubali anaweza kumpa kazi za shemasi tu.

#35 Chetezo

Kwa upande wetu haliko rahisi hivyo. Anayeamini kwamba Kanisa halina mamlaka hayo hawezi kusema daraja lipo ila leseni haipo. Kwake daraja halikutolewa. Uingereza walilikuta tatizo hili hili mwaka 1993, wakaweka maaskofu maalumu wa kuzunguka kwenye parokia zisizopokea makasisi wanawake, na wapo mpaka leo. Kule wanakaa katika Kanisa moja huku mmoja haamini Misa ya mwenzake. Miaka thelathini na zaidi. Sijui kama nakiita kidonda au uvumilivu.

#36 Bin Shemasi

Kwangu atakuwa dada katika Kristo na shemasi wetu. Atahubiri mazishi ya wazee wenu kama atapewa nafasi. Zaidi ya hapo siwezi kusema kwa niaba ya parokia.

#37 Daraja Mbili

Akirudi askofu atakuwa mwingine. Nimemaliza.

#38 Mchungaji wa Kando ya Ziwa

Kinubi, mwambie dada asihame kimya kimya. Amwendee askofu wake, aombe barua ya kumwachia, aipate mkononi ikiwa na sahihi kabla hajafunga sanduku. Nawajua walioondoka kwa hasira bila barua wakakaa nje miaka, huku hawatakiwi na kule hawapokelewi. Akifika huko asiulize tu "mnaweka wanawake?" Aulize wangapi wamepangiwa parokia zao wenyewe na wangapi ni wasaidizi wa kudumu, mume atakaa wapi, na likizo ya uzazi imeandikwa kwenye kanuni au inategemea huruma ya mtu. Na hapo hapo kwenu aache hoja imeandikwa, ipitie halmashauri ya parokia ifike sinodi ya dayosisi. Hata ikianguka, itakuwa kwenye kumbukumbu za kikao.

#39 Chetezo

Halmashauri ya parokia yetu inakaa mwisho wa mwezi. Kinubi, kama ni dayosisi ninayoidhani, niandikie pembeni. Nitapinga hoja hiyo, lakini nitahakikisha inasomwa.

#40 Mama Kwaya

Mzee Chetezo, na mimi niandikie. Nataka kujua viti vya wageni viko upande gani.